Kabla Hujalilaumu Gari: Matatizo ya Gari la Umeme kwa Tunaoishi Mbeya

Gari langu ni Nissan Leaf ya mtumba, ya betri ya uniti 24 (uniti zilezile za mita ya umeme), iliyotoka Japani ikiwa imeshakula miaka. Naishi Isanga, kwenye mteremko wa Loleza, na shughuli zangu nyingi ziko Mbalizi. Yaani kila siku nashuka, kila siku napanda. Tangu nilinunue nimeshapigiwa simu nyingi na wenzangu wachache wenye magari ya namna hii, na simu karibu zote huanza hivi: "Kaka, gari limekufa." Mara nyingi gari huwa zima kabisa. Kilichokufa ni soketi, au ethi (waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja), au betri ndogo ya volti 12, au ni mlima tu umefanya kazi yake.

Kwa hiyo nimepanga dalili kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe: naanzia ukutani, nafuata waya, na gari nalifungua mwisho.

Ulichomeka usiku, asubuhi chaji ni ileile

Tazama kile kisanduku kilichoko katikati ya waya wa kuchajia. Kina taa, na taa hizo ndizo zitakazokuambia uelekee wapi.

Kama hakuna taa hata moja, umeme haujafika kwenye kisanduku. Chomoa, chomeka pasi kwenye soketi hiyohiyo. Pasi ikikataa, nenda kwenye breka, kisha kwenye mita ya LUKU. Usicheke. Mara mbili nimeitwa mpaka Ilomba na Nzovwe kukuta mita inasoma sifuri. Nyumba iliyozoea kununua umeme wa elfu tano haijui kwamba gari linaweza kula uniti 10 mpaka 15 kwa usiku mmoja, na elfu tano kwa bei ya kawaida inakupa uniti kama 14 tu. Gari limekula zote, friji nayo imezima.

Kama kisanduku kina taa nyekundu au kinalia, fikiria ethi kwanza. Nyumba nyingi, hasa za kupanga, zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna kitu: waya wa ethi umekatwa, au umefungwa kwenye fimbo iliyooza, au haukuwahi kuwepo. Pasi na televisheni hazijali, lakini kisanduku cha gari kinapima ethi kabla ya kuruhusu umeme upite, na kisipoiona kinagoma. Kina sababu. Gari limekaa juu ya mipira minne. Umeme ukivuja kwenye bodi hauna njia ya kushuka ardhini, mpaka atokee mtu mwenye miguu iliyolowa akashika mlango.

Dawa ni fundi umeme kupigilia fimbo ya shaba mpaka kwenye udongo wenye unyevu na kuiunganisha sawasawa. Kuna mafundi watakaokushauri "njia fupi", yaani kuunganisha ethi na nyutro (waya wa kurudishia umeme) ndani ya soketi. Taa nyekundu itazimika kweli na gari litachaji. Lakini siku waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, bodi yote ya gari itakuwa na volti 230. Fundi akikupa ushauri huo mpe nauli yake aende.

Dalili moja ya huku kwetu: ethi ilikuwa inafanya kazi vizuri Machi, ikifika Septemba kisanduku kinaanza kugoma, leo kinakubali, kesho kinakataa. Hapo ni kiangazi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka unashika fimbo vibaya, na umeme hauoni pa kushukia. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye shina la fimbo, subiri nusu saa, jaribu tena. Kikikubali umeshajua tatizo. Ongeza fimbo ya pili au ishuke chini zaidi. Kumwagia maji kila jioni kama mchicha si suluhisho, ingawa nakiri nilifanya hivyo kwa wiki tatu.

Na kama kisanduku hakijawahi kuchaji tangu gari lifike, kigeuze usome maandishi ya nyuma. Vingi vilivyokuja na magari ya Japani vimeandikwa volti 100 au 200, kwa sababu ndio umeme wa kwao. Kisichotaja 220 mpaka 240 usikichomeke huku. Tafuta kingine.

Sasa, kama kisanduku kina taa ya kijani, kila kitu kiko sawa, lakini zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi zinawaka moja baada ya nyingine kama zinapokezana, gari halijaharibika. Linasubiri saa. Kuna ratiba ya kuchaji iliyowekwa, na wewe au mmiliki wa Japani ndiye aliyeiweka.

Hili lilinisumbua mwezi mzima, na kosa lilikuwa langu. Saa ya gari ilikuwa bado ya Tokyo. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi tunavyohesabu saa kwa Kiswahili tunatofautiana na saa ya tarakimu kwa sita zilezile. Matokeo yake saa ya gari ilikuwa inasoma Kiswahili sanifu: natoka kazini saa kumi na moja jioni, nayo inaonyesha 11. Nikaona gari limeshakuwa la nyumbani. Nikaliwekea ratiba ya kuanza 11:00 usiku na kuishia 6:00 asubuhi, nikidhani ni saa tano usiku mpaka alfajiri. Kumbe kwa saa za hapa linaanza saa kumi na moja jioni na kuishia saa sita usiku. Siku umeme ulipokatika ukarudi saa saba usiku, nilichomeka nikalala, nalo likakaa likisubiri jioni ya kesho yake. Rekebisha saa kwanza, kisha ufute ratiba zote, uanze upya. Kama maandishi yote ni ya Kijapani, ielekeze kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye kioo cha gari. Inatosha kabisa kwa kazi hii.

Linaanza kuchaji, baada ya muda linakata

Shika plagi ukutani, kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Kama unalazimika kuondoa mkono, acha kuchaji hapohapo.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zimeandikwa ampia 13, na watu wanadhani maana yake ni ampia 13 usiku kucha. Birika linakula kiasi kama hicho dakika tano, likazima. Gari linavuta saa nane bila kupumua. Soketi ya bei rahisi, ambayo chemchemi zake za ndani zimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa, haiwezi. Nyumbani kwangu niliamka saa tisa usiku kwa harufu ya plastiki, nikakuta pini moja imekuwa nyeusi na uso wa soketi umevimba kama andazi. Ukuta ulikuwa umeungua upana wa kiganja. Tangu siku hiyo suala la soketi silichukulii kimzaha.

Kuna kipimo ambacho fundi yeyote mwenye multimita anaweza kukufanyia kwa dakika tano. Apime volti kwenye soketi gari likiwa halichaji, kisha apime likiwa linachaji. Halafu arudie vilevile karibu na mita ya LUKU. Kwangu ilikuwa hivi: kwenye soketi, 228 ikashuka mpaka 201. Kwenye mita, 228 ikashuka mpaka 224 tu. Maana yake volti 4 zinapotea kwenye waya wa kutoka kwenye nguzo, na volti 23 zinapotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Gari lilikuwa linavuta ampia 10. Zidisha: wati 230 zinageuka joto mahali fulani ndani ya ukuta, kama robo ya pasi iliyosahauliwa ikiwaka usiku mzima.

Waya mzuri wa shaba wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 30 hupoteza volti nne au tano kwa ampia 10. Ukipoteza zaidi ya hapo, kuna maungio mabovu, au waya ni mwembamba kuliko ulivyoambiwa, au una aluminiamu ndani iliyopakwa rangi ya shaba. Ukiukwangua kwa kisu utauona mweupe.

Suluhisho lililonipa usingizi: waya wake peke yake kutoka meini swichi mpaka mahali pa kuegesha, wa milimita 4, usiolisha soketi nyingine yoyote, breka yake ya ampia 20 pamoja na ile inayokata umeme ukivuja, na mwisho wake soketi ya bluu ya duara ya ampia 16, kama zinazotumika kwenye mashine za viwandani. Wakati unasubiri pesa ya hayo, punguza ampia kwenye kisanduku kama kina kitufe, zishuke mpaka 8. Utachaji polepole lakini nyumba itabaki. Eksitensheni usitumie. Na kama huna budi kwa usiku mmoja, ikunjue yote. Ikiwa imezungushwa kwenye rola yake inajipika yenyewe.

Breka inayoruka alfajiri tu, saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili kasorobo, ina sababu nyingine, na kwa Mbeya ni maarufu: hita ya kuogea. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24. Weka gari 10, weka birika la chai 9. Nyumba ya breka kuu ya 40 imefika kikomo, na Juni kila mtu anataka maji ya moto kwa wakati mmoja. Panga gari limalize kabla ya saa kumi usiku.

Kuhusu umeme mdogo wa jioni: kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku mtaa mzima unapika na kuangalia taarifa ya habari, volti zinaweza kushuka mpaka 180, na chaja ya ndani ya gari ikaamua kupumzika. Chomeka baada ya saa tano. Kama hata usiku wa manane kipimo cha kwenye mita bado kiko chini, tatizo ni la transfoma au waya wa nguzoni, na hapo unatoa taarifa kwa shirika la umeme ukiwa na namba zako mkononi: volti fulani, saa fulani, siku fulani. Namba hufanya mafundi waje na kifaa sahihi.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika kumi ndipo uchomeke. Mara nyingi unarudi kwa kishindo.

LUKU imetoa uniti 10, gari linasema limepokea 8 na nusu

Hakuna aliyekuibia. Kubadili umeme wa ukutani uwe wa betri kunapoteza asilimia 10 mpaka 15, na ukichaji kwa ampia chache hasara inaongezeka kidogo kwa sababu gari linakaa macho muda mrefu zaidi.

Kuna jingine linalowashtua watu mwezi wa pili: umenunua kwa pesa ileile, uniti zimeshuka sana. Kama nyumba yako ilikuwa kwenye kundi la D1, la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, gari limekutoa huko. Sasa uko kwenye bei ya kawaida, ambayo shilingi elfu kumi inakupa kama uniti 28. Bado ni nafuu kuliko petroli, lakini mwenye nyumba mliyeshirikiana mita hatafurahi. Zungumza naye kabla hajazungumza na wewe, au weka mita ndogo ya kuhesabu umeme wa gari peke yake.

Halizinduki, taa zinacheza cheza, rimoti haifungui mlango

Betri kubwa inaweza kuwa imejaa na gari lisiwake. Chini ya boneti kuna betri ya kawaida ya volti 12, na ndiyo inayoamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa. Ikichoka, dashibodi inawasha taa zote za onyo kwa pamoja, za breki, za usukani, za kila kitu, na mtu anaona gari limepasuka moyo. Gari likiwa hivyo hata kuchaji linakataa.

Pima: 12.6 ni nzima, chini ya 12 imeisha. Gari likishawaka, ile taa ya kijani ya kigari chenye mshale ikiwa imetokea, inatakiwa isome 13 na kwenda juu. Unaweza kubusti kutoka gari lingine kama kawaida, chanya kwa chanya, na hasi kwenye chuma cha bodi. Ila wewe usimbusti mwenye Fuso kwa gari lako; vifaa vyako havikutengenezwa kwa mzigo ule.

Kinachoua betri hii kwa wingi ni kamera ya dashibodi iliyofungwa moja kwa moja, redio iliyobadilishwa na fundi wa mtaani, na gari kukaa wiki tatu bila kuendeshwa. Na umri. Gari la petroli hukuonya kwa kukokota asubuhi. Hili halina starta, siku moja linawaka, siku ya pili kimya. Mimi naibadili kabla ya miaka mitatu kwisha.

Kilomita kwenye dashibodi zinayeyuka

Umetoka nyumbani inasema kilomita 110. Umefika Uyole, inasema 80. Umeendesha kilomita kumi tu.

Ile namba ni kisio, na gari linakisia kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Halijui mbele yako kuna mlima. Jana ulishuka kutoka Isyonje, likafurahi; leo unapanda, linasikitika. Fanya kama mimi: iache, uangalie asilimia na uhesabu mwenyewe.

Hesabu yangu ni hii. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa 60 mpaka 70, gari kama langu linakwenda kilomita 7 au 8 kwa uniti moja. Kisha ongeza mlima: gari lenye watu wanne lina uzito wa karibu tani 1.8, na kuliinua mita 100 kunahitaji nusu uniti na kidogo. Kushuka mita 100 hizohizo kunakurudishia nusu mpaka theluthi mbili ya ulichotumia. Haifiki yote, hata uendeshe kwa ustadi gani.

Chukua Tukuyu na Kyela. Ni kama kilomita 55, na tofauti ya mwinuko ni karibu mita 1,000. Kushuka utatumia uniti 4 au 5. Mwenzangu alishuka hivyo, akafika Kyela akiwa na furaha, akanunua mchele, akapakia na shemeji yake, akaamua nusu ya betri inamtosha kurudi kwa sababu kuja alitumia robo tu. Kupanda ile njia kunataka uniti 12 na zaidi, bado mchele. Alilala Ushirika. Betri yake haikuwa na ubovu wowote; njia ileile tu, kwenda na kurudi, ni safari mbili tofauti.

Upande wa Usangu kosa ni lingine. Ukishashuka kuelekea Igurusi na Chimala, barabara inanyooka, na mguu unalewa. Kwa mwendo wa 100 utapata kilomita 5 na kidogo kwa uniti badala ya 8. Malori ya Zambia yatakupita ukienda 65. Yaache yapite.

Lakini kuna jambo moja milima inatupa. Injini ya petroli hapa kwenye mita 1,700 imekosa sehemu ya hewa yake, ndiyo maana gari lililokuwa kali Dar linahema likifika kwetu. Mota ya umeme haivuti hewa. Kwenye kupanda Kawetere, njia ya Chunya, nimeyapita magari ambayo wenyewe hawakuamini, na nakiri huwa nachungulia kioo kuwaona. Hewa nyepesi inapunguza hata upinzani wa upepo kidogo.

Hita ya ndani ya matoleo ya zamani inakula kilowati tatu mpaka tano ikianza. Julai, kwenye foleni ya Mafiati, hiyo ni betri inayoyeyuka ukiwa umesimama. Tumia kiti chenye joto kama kipo, vaa koti. Ukungu wa kioo kule Isyonje ni suala jingine. Huo ufute, hata ukigharimu.

Asubuhi breki zimekuwa tofauti, gari linateleza badala ya kujizuia

Umezoea kuachia pedali na gari linajipunguza lenyewe likirudisha umeme. Leo halijizuii. Kama limejaa asilimia 100, hakuna pa kuweka umeme huo, kwa hiyo mota inakataa kuzuia na mzigo wote unakwenda kwenye breki za kawaida. Breki zipo, zinafanya kazi, ila mguu wako haukuutegemea mzigo huo.

Kwa anayeishi bondeni hili ni dogo. Kwa mtu wa Isanga anayetoka amejaa na kushuka mpaka mjini, kisha mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi katikati ya malori, si dogo hata kidogo. Ule mteremko unajulikana kwa ajali. Mimi naishia asilimia 85. Matoleo ya mwanzo yana sehemu ya kuchagua kuishia 80. Kama lako halina, hesabu saa. Ukishuka Kitonga kutoka upande wa Iringa hali ni hiyohiyo: usijaze mpaka juu kabla ya mteremko.

Baridi nayo inafanya hivi. Asubuhi za Juni na Julai betri iliyolala nje haipokei umeme mwingi kwa haraka, hata ikiwa na asilimia 60. Ikipata joto baada ya mwendo kidogo hali inarudi.

Taa ya kobe

Picha ya kobe ikiwaka gari linapunguza nguvu kwa makusudi. Ukiwa na chaji chini ya asilimia 10 ni sawa, linakuambia tafuta umeme. Kama kobe anatokea ukiwa na asilimia 25 au 30, hasa kwenye kupanda, kuna seli iliyochoka. Betri ya Leaf ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na mnyororo wote unakwenda kwa nguvu ya jozi iliyo dhaifu kuliko zote. Jozi moja ikizama, gari linajilinda.

Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, vitakuonyesha volti za jozi zote 96. Ziangalie chaji ikiwa chini na ukiwa unapanda. Moja ikiwa imeachwa na wenzake kwa zaidi ya milivolti 100, umempata mkosaji. Kubadili jozi hiyo kunawezekana, lakini si kazi ya gereji ya kawaida. Ndani mna volti zinazokaribia 400 za umeme wa moja kwa moja, na nyaya zote za rangi ya chungwa ni zake. Fundi wako mpendwa wa Mwanjelwa anayejua kila kitu cha Noah, mwambie asiziguse.

Vipimo vya uzima wa betri vilikuwa 12, ndani ya miezi miwili vimekuwa 8

Hii inauma, na dawa yake ilikuwa kabla ya kununua. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Cha kwanza kinapotea betri ikiwa imeshapoteza asilimia 15 hivi, vingine kila asilimia 6 na kidogo. Vinaweza kurudishwa na kompyuta vionekane vyote 12 kwenye betri iliyochoka. Gari likiendeshwa wiki kadhaa linajipima upya na kuanza kusema ukweli, mstari baada ya mstari, wakati huo muuzaji hapokei simu.

Usitegemee vijistari. Tegemea LUKU. Liendeshe gari mpaka libaki na chaji kidogo sana, soma uniti kwenye mita, zima vitu vingine vya nyumba, chaji mpaka lijae, soma tena. Toa asilimia 12 ya hasara. Betri ya uniti 24 ikiwa mpya ilikuwa inatumika kama uniti 21. Ukipata kwamba ukutani zimetoka 15, ndani zimeingia 13 na kidogo: hiyo ni betri iliyobaki na asilimia 60 na kitu. Bado inafaa kwa Soweto na Kabwe. Kwa Makambako haifai, na bei yake iendane na hivyo.

Mengine madogo

Matairi yanaonekana mepesi asubuhi ya baridi: hewa inashuka kama psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto linaloshuka. Jaza asubuhi, kabla ya kuendesha. Gari ni zito na linaondoka kwa nguvu, matairi ya mbele yataisha upesi kuliko ulivyozoea.

Breki zinalia kama chuma: hazitumiki vya kutosha, diski zimeota kutu, hasa msimu wa mvua wa Rungwe. Tafuta mahali salama, kanyaga kwa nguvu mara tano au sita. Zikiendelea kulia, fungua.

Mvua wakati wa kuchaji: upande wa gari umetengenezwa kuvumilia. Upande wa ukutani haujatengenezwa. Plagi na kisanduku viwe chini ya paa, vining'inie, visilale kwenye maji. Tope likiingia kwenye tundu la kuchajia, lisugue kwa brashi kavu ya mswaki. Usipige maji ya presha.

Ukikatikiwa barabarani, kijana mwenye kamba atatokea, atatokea tu. Mshukuru, ndaga fijo, lakini kamba usifunge. Magurudumu ya mbele yakizunguka chini, yanazungusha mota, na mota inazalisha umeme wakati gari halijajiandaa kuupokea. Lipakiwe lote juu ya gari la kubebea, au linyanyuliwe magurudumu ya mbele. Ukiwa na uhakika lililoisha ni chaji tu, omba nyumba ya karibu ikuuzie umeme: nunua LUKU ya mwenyeji kwanza mbele yake, kwa namba ya mita yake, ndipo uchomeke. Kwa ampia 8, saa moja itakupa uniti moja na nusu, ambayo kwa tambarare ni kilomita kumi. Kutoka Igawilo inatosha kukufikisha Uyole.